Mwanandani wa Baba

Harufu ya udongo mbichi imenipanda puani, nikamwona tena baba amesimama ukingoni mwa kaburi la babu, nami mdogo nimemshika kidole.

Baba alichimba handaki la reli huko bara. Lilipoporomoka, alinasa humo na wenzake siku mbili. Kijijini kwetu walijua tu kwamba ametoboa mlima. Basi siku ile wote walimwachia yeye ashuke, amlaze babu katika mwanandani, ule upenyo unaochimbwa ubavuni mwa kaburi.

"Shuka, mwanangu," ami yake alimwambia. "Babako anangoja."

"Siwezi, ami. Humo hamna pumzi."

Kidole chake kilikuwa baridi, kinatoka jasho. Waliobeba jeneza walitazama chini. Akashuka mwengine.

Handaki lile nimelipita mara moja kwa treni. Jirani yangu hakumaliza hata kumenya chungwa, tukawa tumeshatoka.

Leo tunamzika baba, na mwanandani nachimba mimi. Wameshaniambia mara tatu kwamba panatosha. Naendelea kupanua.