Damu ya Mzee

Makungu wa Pemba alikuwa na pole ya bure, pole isiyopimwa wala kungojewa. Ukikohoa, pole. Ukishuka kwenye basi na mifuko ya viazi, pole. Ukinyeshewa, pole ya mvua, utadhani yeye ndiye aliyeifungulia. Taabu ni kwamba mtaani kwake Sparkbrook, nchi ya Waingereza, wanaoijua pole ni wachache, basi aliitia kwenye Kiingereza ikatoka "sorry", akawa anaomba radhi kutwa kwa mambo ya mbingu na ya halmashauri ya jiji.

Aliyeipata zaidi ni Mzee Surjit, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwanzoni ilimkera.

"Kwani haya mafua umeniletea wewe?" alimuuliza siku moja. "Mbona unaniomba radhi?"

Makungu akamweleza kwa Kiingereza chake cha kupapasa. Kwetu kuna neno, pole. Maana yake si kwamba nimekukosea. Maana yake nimeyaona yaliyokupata. Mzee akauliza, na mtu akiambiwa hivyo, anajibu nini? Anajibu, "Nimeshapoa." Mzee akalipenda neno hilo kama mtoto aliyepewa peremende. Tangu siku hiyo Makungu akisema sorry, mzee huinua kidole juu na kutangaza, "Nimeshapoa!" hata kama kikohozi bado kinamtikisa kilemba.

Mbele ya nyumba ya mzee limeegeshwa gari lake. Rangi yake ni ile sisi tunayoiita damu ya mzee, nyekundu iliyoiva mpaka ikaelekea weusi. Gari hilo lilizaliwa kiwandani Longbridge, na mzee alifanya kazi pale pale hadi kiwanda kikafungwa. Kazi yake ilikuwa kupapasa milango ikitoka kwenye rangi, kiganja kikitafuta punje na mikwaruzo. Leo Longbridge pana maduka na nyumba za watu, na macho ya mzee yameingia ukungu hata haendeshi tena. Binti yake huko Toronto anamwambia aliuze. Yeye hujibu kwamba gari halili wali, na kila Jumamosi huliosha.

Siku ya shari ilikuwa Ijumaa. Sikuzani, shoga yake Zainab mke wa Makungu, alikuwa anaoza binti, na Zainab hakubali wali wa nazi ya kopo kwenye harusi ya mtu anayempenda. Akamtuma mumewe aipeleke mbuzi ukumbini, ile mbuzi ya kukunia nazi waliyoibeba toka Wete, kibao cha kukalia chenye jino la chuma mbele.

"Baba Iman, lifunge kitambaa hilo jino," Zainab alimwambia. "Litakutia kilema."

"Mbuzi haumi, mama," Makungu alijibu, akacheka, akaibana kwapani na sufuria mkono wa pili.

Njia ilikuwa nyembamba. Pipa la taka lilikuwa limesukumwa na upepo mpaka katikati ya kijia cha miguu, na Makungu akalipisha kwa kugeuka upande. Akasikia ko! Mlio mdogo tu. Akatazama. Kwenye mlango wa gari la mzee rangi ilikuwa imebanduka, pahala pa ukubwa wa punje ya dengu, na weupe wa chini ukachungulia.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Pazia la mzee lilikuwa limefungwa. Hapo ndipo likamjia wazo ambalo mpaka leo akilikumbuka hujiona mdogo kuliko hiyo dengu. Mzee haoni. Atajuaje?

Akaenda harusini. Pilau aliiona chungu, na ule wali wa nazi hakuugusa.

Kesho yake mzee akatoka na ndoo yake. Makungu alikuwa nyuma ya pazia akijidanganya kwamba anatazama hali ya hewa. Mzee akaosha bati, akaosha vioo, akafika kwenye mlango. Kidole gumba kikawa kinateleza kwenye povu, kinateleza, kisha kikasimama. Makungu alikuwa amesahau kwamba yule mzee hakupata kuilipia nyumba ile kwa macho. Aliilipia kwa viganja.

"Makungu!" mzee akaita. "Njoo uone. Mtu amenipiga hapa."

Makungu akatoka. Na hapa tumpe haki yake, alitoka na nia safi. Alikwishajiambia, nasema, yaishe. Akasimama mbele ya mzee, akasema, "Sorry, Mzee. Sorry sana. I am so sorry."

Hakupata maishani mwake kulisema neno hilo kwa dhati namna ile. Mzee akainua kidole kilichojaa povu.

"Nimeshapoa!" akasema, akamgonga bega. "Wewe una moyo, rafiki yangu."

Mlango wa kukiri ulikuwa bado wazi. Palibaki maneno mawili tu, ni mimi, na Makungu angekuwa huru. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wa kwake siku ile uliota mfupa. Alikwishaungama, sivyo? Na akajibiwa. Kosa lake ni lipi kama mzee amelifahamu vingine? Akajipa msamaha ambao hakupewa, akautia mfukoni, akarudi ndani. Ila kabla hajaketi akatoka tena.

"Mzee, hicho kidonda nitakiziba mimi," akasema. "Usimpe fundi."

Ilipofika Jumamosi iliyofuata, akirudi Tyseley anakosafisha mabehewa ya treni, alikuja na msasa laini, spiriti, na kichupa cha rangi chenye kiburashi kwenye kifuniko, kama kile cha rangi ya kucha. Mzee akatolewa kiti mlangoni, akawa anaamuru kwa furaha. Lowesha msasa. Usikwangue, bembeleza. Futa kwa spiriti, ngoja. Rangi kidogo, nusu ya tone, iache ikauke, kisha nyingine. Mwenye haraka huacha kinundu.

Makungu akapiga magoti, akawa anatia damu ya mzee mahali alipoitoa.

"Najua aliyefanya," mzee akasema ghafla.

Kiburashi kikasimama hewani.

"Ayanle. Ijumaa ile nilisikia ngazi yake ikipita hapa, ikigonga gonga. Nilimuuliza, akanikatalia machoni mwangu. Si ngazi, anasema. Kama si ngazi, ni nini? Mbuzi?"

Kwa Kiingereza chake mzee alikusudia mbuzi wa kufugwa, mwenye ndevu na kwato. Makungu akajifanya anachovya kiburashi.

Ayanle ni Msomali wa nyumba ya mkabala, fundi wa kuzibua mifereji ya mapaa. Ndiye aliyekuwa akimpakia mzee kwenye gari lake la kazi kila siku ya sindano ya macho, akamngojea na kumrudisha, bila kudai hata chai.

"Juzi alikuja kunichukua kwa ajili ya sindano," mzee akaendelea. "Nikamwambia sipandi gari la mwongo. Nikangoja basi, nikapanda lisilo langu. Nilipofika wamekwishafunga. Basi, wataniita tena. Macho yenyewe yamekwishazeeka."

"Sorry," Makungu akasema.

"Nimeshapoa. Tia rangi."

Akatia rangi. Ikauka, akatia nyingine, na juu yake vanishi ya kung'arisha, isiyo na rangi. Akaisugua kwa kitambaa mpaka jicho la mtu lisingeona kitu. Mzee akamfungia chapati za viazi, moto moto, akamwambia mbele ya watu wanaopita kwamba jirani mwema ni kama huyu. Makungu akazipokea kwa mikono miwili. Hata kuzitema hakuweza, maana zilikuwa tamu, na utamu wenyewe ukazidi kumtesa.

Ayanle alimkuta njiani, kabla hajaufungua mlango wake. Yeye alikulia Nairobi, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Aki bro Makungu, huyu mzee amenikasirikia mbaya. Ati nimegonga gari yake na ngazi. Mimi hata sikupita hiyo side, nilipita upande wa kwangu. Sasa amekataa nimpeleke hosi. Nani atampeleka? Haoni hata namba ya basi."

Na Makungu, ambaye alikuwa na chapati za mzee mkononi na rangi ya mzee kwenye kucha, akasema nini? Akasema, "Pole, ndugu yangu."

"Asante, bro," Ayanle akasema kwa moyo mweupe, akavuka barabara.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Makungu aliuziba ufa, tena vizuri, na ukuta ukaanguka vile vile.

Jumapili Zainab alikuwa jikoni, amekalia mbuzi, nazi mkononi, hajaanza kukuna. Akainama, akalitazama jino ubavuni, pasipofikiwa na nazi. Akalikwangua kwa ukucha.

"Baba Iman!" akaita. "Njoo hapa. Mbona mbuzi ana damu ya mzee jinoni?"

Makungu akaja mpaka mlangoni mwa jiko, asivuke. Zainab akamtazama, akalitazama jino, akatazama upande wa ukuta wa jirani. Mke wa mtu hahitaji kuelezwa kila kitu. Nazi akaiweka chini.

"Na Ayanle wa watu anasemwa mtaa mzima," akasema pole pole. "Umemwambia mzee?"

"Nilimwambia. Siku ile ile aliyogundua. Nilimwambia sorry."

"Sorry ipi?"

Makungu akashika mwimo wa mlango. Zainab akainuka kwenye mbuzi, akachukua kitambaa cha jikoni, akalifunga lile jino kwa mafundo mawili, akamkabidhi mumewe kibao.

"Nilikwambia ulifunge," akasema. "Sasa nenda."

Mzee alikuwa sebuleni, redio inanong'ona. Makungu hakukaa. Sorry ilikwishaharibika, ameitumia ovyo mpaka haina ladha, kwa hiyo alijiambia asiitaje. Akaifungua mbuzi kitambaa, akaupeleka mkono wa mzee taratibu mpaka kwenye jino.

"Hiki tunakunia nazi," akasema. "Mlango wako niliupiga mimi, kwa hili jino, Ijumaa ile. Ayanle hakufanya kitu. Niliona, nikaondoka, kwa sababu nilijua huoni."

Kidole gumba cha mzee kikapita kwenye jino, kikaenda, kikarudi. Kikasimama pale penye rangi. Redio ikaendelea kunong'ona.

"Lakini ulisema sorry," mzee akasema mwishowe.

"Nilisema."

"Na mimi nikajibu."

"Ulijibu, Mzee."

"Na ukaniacha nijibu." Akauondoa mkono kwenye chuma. "Neno la hili, kwenu, ni lipi? Si lile la mafua."

"Nisamehe."

"Nisamehe," mzee akarudia, akilionja. "Na jibu lake?"

Makungu akafungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, lipo juu ya ulimi, neno moja tu. Angelitamka, na mzee kwa mazoea angeinua kidole na kulirudia kama kasuku, na yeye angetoka pale mwepesi. Machozi yakamlenga.

"Hilo siwezi kukufundisha mimi," akasema.

Mzee akazima redio. Kisha akaitafuta bakora yake, akasimama, akaelekea mlangoni. Makungu akamfuata na mbuzi kwapani, akimzuilia magari kwa mkono, mpaka ng'ambo. Mzee akabisha kwa Ayanle mwenyewe.

Ayanle akafungua, taulo begani. Mzee akavuta pumzi.

"Nisamehe," akasema, kwa lafudhi ya Kipunjabi na ya Longbridge.

Ayanle akamtazama mzee. Akamtazama Makungu, akaitazama mbuzi, akaliona jino na kile kilichobaki jinoni. Aliyekulia na wapishi wa Eastleigh ya Nairobi hahitaji kuambiwa mbuzi ni nini. Akamtazama Makungu tena, safari hii kwa muda, na Makungu akainamisha uso.

"Nimekusamehe, mzee wangu," Ayanle akasema. "Yameisha. Ingia ndani, chai iko."

Mzee akamgeukia Makungu. "Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo."

"Nimekusamehe," mzee akalisema chini kwa chini, silabi kwa silabi, kama mtu anayejaribu funguo. Hakuwa akimwambia mtu. Akashikwa mkono na Ayanle, akaingia, na mlango ukafungwa taratibu. Makungu akabaki kwenye kijia na mbuzi yake.

Siku hizi Ayanle ndiye anayempeleka mzee kwenye sindano, kama zamani. Jicho la kushoto limepungua nuru. Daktari amesema huenda lingepungua tu, huenda ni ile sindano iliyorukwa, hakuna ajuaye. Makungu alipoambiwa alishindwa kusema hata pole.

Asubuhi wanasalimiana mlangoni. Makungu akimwambia sorry ya baridi, mzee hujibu, "Nimeshapoa," kwa adabu, bila kuinua kidole. Jumamosi hutoka na ndoo, huosha bati, huosha vioo. Mlango hauna alama, mgeni ataapa kwamba haujapata kuguswa, lakini kidole gumba cha mzee kikifika pale husimama kidogo. Makungu huwa amesimama karibu, ameshika kitambaa cha kukaushia, anangoja. Neno mzee analo, lile la mlangoni kwa Ayanle, Makungu mwenyewe alimsikia akilisema.