Baraka kwa Mtu Aendaye Vitani

Rafiki yangu hana msimamo katika siasa, na hajawahi kuona haya kwa sababu hiyo. Tulijuana chuoni, kisha akaolewa na kijana wa ukoo wetu, tukawa mawifi. Hadi leo, ingawa mumewe alifariki zamani, tunaitana mulamwa. Yeye ni karani katika ofisi za kaunti hapa Kakamega, nami nafundisha historia. Jumamosi huenda kwake tukachambua mrenda na kubishana, au niseme, mimi hubishana. Yeye hunyofoa majani, akakubaliana nami leo na kukubaliana na mhubiri wake kesho.

Mimi ni msoshalisti, wa kundi ambalo limekuwa likipungua. Naamini kwamba vita huanzishwa na wenye migodi na viwanda vya silaha, na humalizwa na watoto wa wasio na kitu. Nimeyasema hayo darasani, katika vikao vya walimu na hata matangani, mpaka watu wakaanza kunikwepa. Mwaka huu maneno hayo yaliingia jikoni mwa mulamwa wangu na kukaa humo.

Mwanawe wa pekee ana stashahada ya umeme. Tangu kiwanda cha sukari alichokitegemea kilipozima mitambo, hajapata kazi ya maana. Akampata wakala wa kumpeleka ng'ambo, katika nchi iliyo vitani. Kazi hiyo iliitwa ulinzi, lakini sote tulijua kuwa vijana waliotangulia walivishwa sare na kusukumwa mstari wa mbele. Naye alijua. Hakudanganywa, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa kuliko yote. Alichokisubiri kilikuwa kimoja tu: baraka ya mama yake. Kwetu mtu hatoki kwenda mbali kabla ya mama kumpulizia maji kifuani, na kijana huyu, pamoja na simu yake kubwa na nywele zake za kusokota, hakuthubutu kuondoka bila maji hayo. Nikaona mlango ungali wazi: mama akikataa, kijana atabaki.

"Mnyime," nilimwambia.

"Nimnyime nini?"

"Baraka. Wanaopigana kule hawana ugomvi na mwanao. Wakubwa wanagombania ardhi na gesi, wanatafuta miili ya kujaza mitaro. Fundi wa huku anapelekwa kumuua fundi wa kule. Faida ni ya nani?"

Alicheka, mikono ikiwa bado katika mboga. "Komredi, umeanza. Hayo ni kweli, sikatai. Lakini ukishaenda kwako, yule anaingia hapa, anakaa kwa hicho kiti chako, ananiuliza, 'Mama, nikibaki nitafanya nini?' Nimjibu aje? Nimwambie angoje mapinduzi?"

"Mwambie vijana wakijiunga pamoja—"

"Hata nyinyi mlijiunganga. Mko wangapi saa hii?"

Nilinyofoa jani kwa nguvu. Tulikuwa tumebaki wachache, nasi tulikutana makaburini zaidi kuliko mikutanoni.

"Usinune, mulamwa," akasema. "Mimi bado naamua. Ukiongea, nakuwa wako. Akiongea, nakuwa wake."

Haukupita muda tukapata habari za msiba huko Matete. Kijana wa jamaa zetu alikuwa ameuawa katika vita hivyo hivyo, na mwili haukurudi. Nilimsihi mulamwa twende, nikiamini kwamba asichokiona katika hoja zangu atakiona kaburini.

Ndani ya jeneza walikuwa wamelaza shina la mgomba, lililokatwa kwa urefu wa marehemu, likavikwa shati lake na kufunikwa blanketi lake. Ndivyo tunavyomzika mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Utomvu ulikuwa umeanza kutoka, ukaacha doa kwenye kola. Mheshimiwa mmoja alisimama akamwita marehemu shujaa, bila kueleza alikuwa shujaa wa nani. Kisha mama wa marehemu akapewa nafasi.

"Aliniaga kwa simu, akiwa uwanja wa ndege," alisema. "Alijua ningekataa. Sikumpulizia hata tone la maji. Alienda mtupu, ndiyo maana mmeniletea mgomba."

Wanawake waliguna kwa pamoja. Mulamwa alinishika mkono kwa nguvu, nami nikadhani nimeshinda.

Tulipokuwa tukitembea kwenda barabarani alisema, "Umemsikia yule mama?"

"Nimemsikia. Umeona sasa kinachorudi kutoka vitani."

"Nimeona. Wangu hataenda bila maji."

Nilisimama. "Mulamwa, risasi haiulizi nani kabarikiwa."

"Na siasa yako, imewahi kuzuia risasi gani?" Hakusema kwa hasira. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. "Jumapili asubuhi utakuja. Dada za baba yake wote walishakufa; shangazi aliyebaki, senje yake, ni wewe. Mama akipuliza peke yake ni nusu. Usipokuja, wewe ndiye utakuwa umempeleka mtupu."

Nililipima jambo hilo siku zote zilizobaki. Nikikataa, kijana angeondoka vilevile, ila angeondoka na hofu, na hofu hiyo ingekuwa imetoka kwangu. Nikikubali, kinywa changu kingekuwa kimevibariki vita. Sikuipata njia ya tatu. Nilikwenda.

Alipiga magoti uani akiwa amefungua vifungo vya shati. Mama yake alipiga funda la maji, akampulizia kifuani, akamtaja Mungu na mababu bila kuwatenga. Kisha akanipa bakuli. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu: usimuue mtu ambaye si adui yako. Sina sentensi ninayoiamini kuliko hiyo. Nilipuliza, maji yakamtiririka kijana kuelekea tumboni, akatetemeka kwa baridi, nami nikafikiria yatakayompata kule yule atakayesita kufyatua risasi.

"Rudi," nikasema.

"Asante, senje."

"Ongeza," mulamwa akaninong'oneza. "Hiyo ni ya kumtuma dukani. Mwambie awe mwepesi kuliko wao."

Niliwajua hao aliowasema. Niliwafundisha wanafunzi wangu kuwahusu mwaka baada ya mwaka: mafundi, wakulima, watoto wa akina mama kama huyu, waliokosa kazi kama mwanawe.

"Uwe mwepesi kuliko wao," nikasema.

"Amina," wakaitikia wote wawili. Kijana akafunga vifungo vyake, tukaingia ndani kunywa chai, maana gari la kumpeleka Nairobi lilikuwa bado halijafika.