Mshono wa Kwapani

Koti la nje, mtu anaweza kulivua hata barabarani. Anakung'uta theluji, anashonewa palipochanika, anavaa, anaondoka zake. Lakini koti la ndani, lile ambalo manyoya yake yanagusa ngozi, chini yake hakuna kitu. Chini yake ni mwanamume mwenyewe. Ndiyo maana Aluki alipopapasa kwapa la koti la ndani la mumewe akakuta mshono asiouweka yeye, moyo ulimruka.

Kublu alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka kuwinda, siku kumi na mbili barafuni. Aluki alimkung'uta kwa fimbo kule nje kama kawaida, barafu yote ikatoka kwenye manyoya, akazitundika nguo kwenye chumba cha baridi. Mavazi yote yalikuwa kazi ya mikono yake: ngozi za kulungu waliouawa mwisho wa kiangazi, manyoya mafupi, suruali mbili, makoti mawili, soksi za manyoya, na buti za ngozi ya sili. Na yote mapana, hewa ipate kukaa katikati, mtu asitoe jasho. Miaka thelathini na mmoja amemvika mume huyo, na hakuna mwanamke kijijini aliyekosa kumsikia akijisifu.

Sasa kidole chake kilikuwa juu ya mshono mdogomdogo, uliobana, wa kano ile ile ya mgongo wa kulungu anayotumia yeye. Ila mwishoni sindano ilikuwa imerudishwa nyuma mara tatu. Yeye hurudisha mara moja. Mama yake alimfundisha hivyo, na hakuwahi kubadilisha.

"Nani kashona hapa?" akauliza.

Kublu alikuwa anakunywa chai. Akaitazama chai. "Mimi."

"Wewe? Wewe hata kifungo cha shati unaniletea mimi!"

"Nilijifunza huko huko. Shida hufundisha."

"Haya." Aluki akampa sindano na kipande cha ngozi. "Nishonee nione."

Mwanamume akakumbuka mbwa hawajala. Akatoka bila hata kofia, na nje ilikuwa baridi ya kupasua mawe. Mwenye akili hahitaji kuambiwa zaidi. Aluki akakaa na koti mapajani, akahesabu. Wenzake wa safari walikuwa wanaume watatu, wote mikono mizito. Basi kuna mwanamke. Na huyo mwanamke alimwona Kublu kifua wazi. Na alikuwa na muda wa kutosha kurudisha sindano mara tatu, mshenzi mkubwa!

Hakulia. Alitaka kwanza kumjua.

Jumapili alifika kanisani kabla ya kengele, akasimama pale mlangoni watu wanapokung'utana theluji. Kila mwanamke aliyeingia alikumbatiwa. Jamani, walikumbatiwa! Mkono wa Aluki ukapita mabegani, ukashuka kwapani, kidole kikasoma mshono hadi mwisho. Mmoja hurudisha mara moja. Mwingine hafungi kabisa, ovyo tu. Mke wa mwenye duka, nguo ya kununua, hana habari.

"Leo una mapenzi, mama," wakamcheka.

"Krismasi imekaribia," akajibu, meno nje, roho ikichemka.

Wa mwisho akaja Panikpak, mjane wa nyumba ya tatu. Mzuri bado. Mkate wake wa kukaanga unanukia hadi barabarani. Aluki akamkumbatia, kidole kikashuka. Moja. Mbili. Tatu.

Hakusikia hata neno moja la mahubiri.

Ibada ilipokwisha alikwenda nyumbani, akachukua lile koti, na jingine jipya alilokuwa amelimaliza juzi, la safari ya Kublu ya kesho yake, amwonyeshe mjane mkono wa mke halali. Huyo akaenda nyumba ya tatu, hakubisha hodi. Akalitupa la zamani mezani, karibu limwage unga.

"Mke mwenzangu, hujambo?"

Panikpak akaliangalia koti, kisha akamwangalia yeye. "Kaa, dada."

"Sikai! Nimekuja kuona kitanda anachovulia mume wangu nguo."

"Hakuvua." Panikpak alitaka kucheka, akajizuia. "Alikuja ameshavaa, wenzake wamewasha pikipiki za theluji nje wanamngoja. Nikamshonea papo hapo amenyanyua mkono. Nimemdunga mara mbili. Muulize."

"Na kwa nini mshono ninaoshona mimi uje kwako?"

Panikpak akafuta unga mikononi, polepole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Aluki, majira matatu haya ya baridi, kila nguo mpya unayomaliza, Kublu huniletea mimi kwanza. Anapita mlango wa nyuma. Mimi hufumua, nikashona upya, nikakuiga mkono wako hadi sindano yako ya mwisho. Safari hii tu sikuwahi kulifumua. Lilichanika likiwa mwilini, nikalishona kwa mkono wangu."

"Mwongo wewe!"

"Mwaka juzi, kabla hajaanza kuniletea, alirudi na kwapa jeusi. Alikuambiaje?"

Aluki akakumbuka. Kublu alimwambia mafuta ya pikipiki yalimmwagikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyempaka mafuta ya sili kila jioni, mwezi mzima, huku akimtukana kwa uzembe.

"Ni upepo ule," Panikpak akasema. "Uliingilia kwenye mshono, baridi ikamuunguza ngozi."

"Taa zetu mbovu. Nimeshamwambia abadilishe taa."

"Dada, nipe kidole."

Panikpak akalichukua lile koti jipya, akalipindua. Akakishika kidole kidogo cha Aluki, akakipitisha juu ya mshono wa kwapani, taratibu. Kikateleza, kikateleza, kisha kikazama. Kikaingia katikati ya matundu mawili ya sindano mpaka mwisho wa kucha. Akakisogeza mbele kidogo, kikazama tena.

Wanawake wa kanisa zima alikuwa amewapapasa. Kazi yake mwenyewe hakuwahi kuipapasa. Aliiangalia tu, kwa macho hayo hayo yaliyofifia, akaiona nzuri.

"Nani anajua?" akauliza.

Panikpak akarudi kwenye unga wake. Aluki akaelewa kwamba wanajua wote, na kwamba kila alipojisifu walikuwa wanainamisha vichwa. Akatamani sana, kwa dakika nzima, kwamba Panikpak angekuwa hawara tu. Hawara angemvuta nywele, yakaisha.

Alirudi nyumbani. Kublu alikuwa sakafuni anafunga mizigo ya kesho. Alipoyaona makoti mawili mikononi mwake na uso aliokuja nao, akaacha kamba.

"Umetoka kwa Panikpak."

"Nimetoka."

"Mke wangu, nilikuwa sitaki..."

"Najua ulikuwa hutaki nini! Ungekufa huko barafuni, Kublu, ungekufa, na mimi niko kanisani najisifu!" Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Kublu akanyanyuka, akamshika mabega, naye akampiga ngumi ya kifua, kisha akakiegemea kifua hicho hicho.

Alipomaliza, akajifuta pua kwa mkono. Akalikunja koti jipya, akamwekea mikononi.

"Mpelekee. Sasa hivi. Na upite mlango wa mbele."

"Watu wako nje, Aluki."

"Ndiyo. Wako nje."

Kublu akavaa hadi kofia ya manyoya, akatoka. Ni kweli walikuwa nje, nusu ya kanisa bado inapiga soga barabarani, na wote wakamwona na ule mzigo. Wakaanza kutazama pembeni, kwa adabu. Aluki akafungua mlango, baridi ikamvamia akiwa na nguo nyepesi ya nyumbani. Kwake mumewe alikuwa doa tu linalosogea kwenye theluji, wala hakuona nani anamtazama. Akapaza sauti wasikie wote:

"Mwambie Panikpak aikague na kofia! Hiyo nayo niliishona mimi!"