Aliyezaliwa Kilo Moja na Nusu

Dada yangu ni fundi cherehani, na jicho lake halihitaji tepu. Mteja akisimama tu mlangoni, yeye ameshajua kiuno, mabega na urefu wa mkono, na akikata kitambaa hakosei. Hukosea vipimo vya mtu mmoja tu duniani, binti yake wa kumzaa. Kila gauni analomshonea linambana, na kila mara lawama anakitupia kitambaa.

Simcheki sana, maana nilikuwepo. Miaka ishirini na mitatu iliyopita mtoto alizaliwa na kilo moja na nusu, tukamwita Kijiko, kwa kuwa maziwa alinyweshwa kwa kijiko. Siku zile nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi wa mchana: pazia la kijani, joto, harufu ya maziwa, na dada amemfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akiota macho wazi. Kila asubuhi mzani, kila asubuhi roho mkononi. Zikiongezeka gramu ishirini, tulicheka kama wehu. Zikipungua, dada hakusema na mtu.

Kijiko akapona. Kula alikula, na kulishwa alilishwa. Miaka nenda miaka rudi dada alipita nyuma yake na mwiko, anaongeza kidogo, anaongeza tena, mawazo yakiwa mbali hata hajui mkono unafanya nini. Mtoto akanenepa, majirani wakasifu, dada akavimba kichwa. Mimi nilisema mapema kwamba imetosha. Nikaambiwa sijazaa, ninyamaze. Nilinuna wiki nzima.

Sasa Kijiko ni mwalimu wa chekechea, na ngazi za shule anazipanda akihema. Mwezi uliopita alikwenda kupima, akakuta presha imepanda na sukari iko mpakani. Daktari alimuuliza alizaliwa na uzito gani. Kisha akamweleza kwamba si ulafi tu: mtoto akizaliwa mdogo mno halafu akanenepeshwa haraka, mwili wake huenda ukajifunza kuweka akiba, na ukubwani ukawa mgumu kuiachia. Wanaozaliwa wakubwa kupita kiasi nao wana mitihani yao. Ila yeye apunguze uzito, la sivyo ataanza dawa akiwa bado kijana.

Jumapili tulikula kwenye chumba cha kushonea. Jua la saa tisa lilikuwa limelala juu ya majora ya vitambaa, vumbi la pamba likielea hewani, na mimi nikaanza kusinzia. Nilimsikia Kijiko akisema taratibu kwamba ameshiba. Mwiko ukaja vilevile. Akaifunika sahani kwa kiganja, wali wa moto ukamwangukia vidoleni, na mkono hakuuondoa.

Usingizi ukaniruka. Dada alikuwa analia bila sauti.

"Mama, mimi nilishapona," Kijiko alisema. "Zamani sana."

"Najua."

"Hujui, mama. Sasa hivi kinachoniumiza ni huu mwiko."

Dada akaketi. Akamtazama binti yake, mtu mzima, mpana, anayehema kidogo hata akiwa amekaa. Nadhani siku ile ndiyo alimwona. Niliumia kwa ajili yao wote wawili.

"Na ukianza kupungua," akauliza, "nitajuaje kama huumwi?"

"Utaniuliza."