Msagaji Aliyejitangaza

Msagaji wa Mfaranyaki alikuwa mtu wa ishara, kwa sababu mashine yake haikumwachia mtu nafasi ya kuongea. Kidole kimoja kilimaanisha sembe, viwili dona. Unga wa kila mteja aliusugua kwanza kati ya vidole, taratibu, kama anayechagua kitambaa, na kope zake zilikuwa nyeupe mchana kutwa. Mahindi yakiwa ndani hakuzima mashine, hata apigiwe simu ya msiba. Foleni ya madebe aliipanga mkewe, Honorata. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, watu walimhesabia yeye kosa.

Jumamosi moja mama yake msagaji alifika na debe lake, akapaza sauti juu ya ngurumo ile. "Mwanangu, unasagia uji wa watoto wa wenzio tu. Huyu tasa mrudishe kwao Madaba."

Msagaji akazima mashine, mahindi yamo ndani.

"Shikamoo mama. Mwenzangu ni mzima. Tumepimwa wote wawili. Mbegu zangu ndizo chache, na daktari kasema bangi niliyovuta miaka yote imechangia. Huu mwezi wa tatu sijaigusa, na nitarudi kupimwa."

"Mwanaume mzima unajitangaza?" akacheka Ramson wa bodaboda.

"Najitangaza. Na wewe tuliyekuwa tunavuta wote, kapime."

Foleni nzima ikaangua kicheko, Ramson akatazama viatu vyake. Honorata akampokea mama mkwe debe mikononi, akalisogeza mbele kwa heshima zote, akasema, "Mama, mume wangu anauliza, sembe au dona?"