Mafuta ya Breki ya Kushukia Langali

Zamani mafuta ya breki yalikuwa ya aina moja tu: yale yaliyopo. Ulikwenda na chupa ya soda, ukapimiwa kutoka kwenye debe kama mafuta ya taa, ukashukuru. Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya vipuri ya Morogoro yakajaa chupa za kila rangi, na sisi tuliozoea kukosa tukajikuta hatujui kuchagua. Mimi nilijifunza, na nasema hivyo bila haya.

Nilikuwa bibi shamba huko Mgeta, na kwa miaka kadhaa niliendesha pikapu ya mradi kupanda na kushuka milima ya Uluguru, masika na kiangazi. Njia ile niliijua kona kwa kona. Mradi ulipofungwa nilibaki na gari letu la nyumbani, Pijo kuukuu, na hamu ya kwenda mbio. Ndipo wapenzi wa magari wa mjini, wengi wao wenye maduka na wakubwa wa viwanda, wakatangaza mashindano: mizunguko kwenye barabara za shamba la mkonge, kisha kupanda mlima hadi Langali na kushuka, kila gari likipimwa muda wake. Nikajiandikisha. Walicheka, na mmoja akauliza kama nitarudi na kabichi. Nilitaka jambo moja tu, nihesabiwe dereva. Mume wangu alikubali kukaa kiti cha pembeni kunisomea njia, na nilimpenda sana kwa hilo.

Nilikwenda dukani mwenyewe. Gari likikimbizwa mteremkoni breki hupata moto, na moto ule hufika kwenye mafuta. Yakichemka hutoa mapovu, na hapo ukikanyaga pedali unakandamiza hewa. Tena mafuta yenyewe hunyonya unyevu, kama mbolea iliyoachwa gunia wazi kwenye ukungu wa Mgeta, na yakishanyonya maji huchemka mapema. Muuzaji alianza kunisukumia ya bei rahisi, DOT 3.

"Kwa safari za sokoni haya yanatosha kabisa, mama."

Nilipomwambia siendi sokoni akaniletea ya zambarau, DOT 5, akidai ndiyo ya kisasa na hayanyonyi maji hata kidogo. Nikamjibu kwamba hayachangamani na yale ya kawaida yaliyomo kwenye gari langu, na kwamba maji yakiingia humo hukaa peke yake mahali pamoja yakachemkia hapohapo. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Nikachagua DOT 4, yanayostahimili moto kuliko yale ya kwanza na yanayoelewana na mipira ya breki za Pijo. Nilifungua vifuniko kadhaa kuangalia kama karatasi ya chini haijatobolewa, maana ruksa ilituletea pia mabingwa wa kujaza chupa upya. Nikapata iliyo nzima.

Mume wangu alikuwa msimamizi wa karakana katika kiwanda kimoja cha mjini. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na bosi mpya alikuwa anapanga nani abaki na nani aende. Bosi huyohuyo naye alikuwa kwenye mashindano. Mume wangu alisema atapeleka gari karakana, amwage mafuta ya zamani, atie mapya na kutoa upepo wote. Nikampa gari na chupa yangu, nikamwambia asiifungue mpaka dakika ya kutia.

Siku yenyewe pedali ilikuwa ngumu, vile nilivyotaka. Kwenye mkonge tulikwenda vizuri. Tulipanda Langali gari likilia, na huko juu mpima muda akainama dirishani.

"Mpaka hapa, mama, hakuna aliyekushinda."

Mume wangu alikaza mkanda wake. Nikaanza kushuka.

Kona ya kwanza, ya pili, nilikuwa nafunga breki nikiwa nimechelewa kwa makusudi, kama nilivyojizoeza. Akaanza.

"Punguza."

"Tuko sawa."

"Punguza, mama. Nakuomba."

Nilidhani anaona haya kuendeshwa kwa kasi na mkewe. Nilikasirika, nikakanyaga mafuta zaidi. Baada ya kona ya nne, kabla ya daraja dogo, pedali ikawa laini kama embe bivu, nikapampu, ikazama mpaka sakafuni. Nilirudisha gia, nikavuta handbreki, nikalisugua gari kwenye ukingo wa mlima, na wanawake waliokuwa wanapanda na matenga ya njegere wakarukia shambani. Tukasimama tairi moja likiwa mtaroni. Mmoja wao alitushika mikono na kutupa pole kama watu waliofiwa. Mume wangu alikuwa ametulia mno, anaangalia miguu yake.

Jioni kwenye zawadi watu walishakubaliana kwamba mwanamke akiona mteremko huchanganyikiwa. Bosi alikuja na kikombe chake cha ushindi mkononi, akampa mume wangu mkono.

"Yale mafuta yako yameniokoa. Kwa yale niliyokuwa nayo nisingefika." Kisha akanigeukia mimi. "Pole sana, mama. Breki zinataka maandalizi."

Nyumbani nilimuuliza. Alisema bosi aliiona chupa juu ya meza ya karakana, akaipenda, na wiki ile majina yalikuwa yanapangwa. Akaniuliza, ningekuwa mimi ningemnyima?

"Na letu ulitia nini?"

"Ya debe la karakana."

Debe lile nalijua. Lilifunikwa kwa kipande cha nailoni, unyevu ukiingia utakavyo.

"Sikudhani utakimbia namna ile," akasema.

Chupa nilimsamehe. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya kiwanda, na ugali wa kazi ile niliula na mimi. Hata kudhani kwake, kwamba kwa mwendo wangu ya debe yanatosha, ningejifunza kuishi nako, maana wengine walidhani hivyo pia. Lakini yeye alikuwa kando yangu kule mlimani na alijua ninakanyaga nini.

Wageni wakija, mume wangu hupenda kusimulia. Nikipita na sinia la chai huniita nikae nisikilize. "Nilimwambia apunguze," husema, "si mara moja. Hakusikia." Wageni hutikisa vichwa, na mimi huwawekea sukari. Ni kweli alisema. Alikuwa na kona nne nzima za kuniambia kwa nini, akaona heri tufe wote wawili.