Sauti Aliyoisikia Baba

Watu walimwita Mama Waya, ingawa mtoto hakuwa naye. Alitengeneza redio kwenye kibanda kilichonuka risasi ya kulehemu, na nyuma ya pazia ndiko alikoishi na baba yake. Mzee alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu ujana, na ile mashine ikamla masikio. Majirani walitania kwamba anasikia neno moja tu, "karibu", tena likija na sahani.

Vifaa vya kusikia vya dukani vilikuwa vya wenye nacho, na jasho likiviingia, basi. Mama Waya akaanza kuunda chake, cha kustahimili jasho na vumbi, akakwamishwa na kipuri kimoja kisichopatikana ila kwa kuagizwa nje. Ndipo aliposikia kwamba serikali inatoa ruzuku ya utafiti kwa biashara ndogo zinazobuni teknolojia mpya. Akaomba, akasubiri mpaka akakata tamaa, kisha akapewa ya awamu ya kwanza. Kipuri kikaja.

Siku alipomvalisha, mzee alimsikiliza akiongea na mteja. Mwishowe akasema, "Kumbe una sauti ya mama yako."

Mama Waya akageukia ukutani, akajifanya anatafuta bisibisi.

Tangu hapo walipiga soga kila jioni. Kisha ikaja habari kwamba idara ya ruzuku imevunjwa, awamu ya pili haipo tena, na vifaa vyote vya majaribio ni mali ya serikali, virudishwe. Ndivyo mkataba ulivyosema, na alikuwa ametia saini mwenyewe. Alienda kulalamika, kila ofisi ikamsukumia kwa nyingine.

Afisa aliyekuja kukichukua kifaa cha mzee alikuwa mpole, hata kiti alikataa kwa haya. "Mama, nisamehe. Mimi natumwa tu."

Mzee akainua mkono. "Ngoja kwanza. Mwanangu, sema kitu ndipo nikivue."

Mama Waya akasema, "Chai ipo tayari, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akakivua, akakifuta kwa ncha ya shati, akakikabidhi.

Mama Waya aliunda kingine bila kile kipuri. Kilivuma tu kama nyuki ndani ya chupa. Mzee alikivaa siku chache ili kumridhisha, kisha akakiacha. Alifariki msimu wa baridi. Binti yake yupo kibandani mpaka leo. Ukimuuliza habari za ruzuku, naye anakuuliza redio yako ina tatizo gani.